Pulchritudo: Neno Moja la Kilatini na Mashaka ya Mfasiri

Mfasiri anayekutana na neno pulchritudo hupata nafuu ya haraka, kwani neno uzuri li tayari mkononi mwake. Hata maumbo yake yanalingana. Warumi walichukua kivumishi pulcher, yaani -zuri, wakakitia kiambishi tamati -tudo, wakapata jina la dhahania; ndivyo walivyopata pia magnitudo, ukubwa, na multitudo, wingi. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na kiambishi awali u-.

Asili ya pulcher wataalamu hawajaafikiana. Ile h haikuwamo zamani. Cicero, katika kitabu chake Orator cha mwaka 46 K.K., anakiri kwamba alijua wahenga hawakuitamka, lakini mwishowe aliwaachia watu matamshi yao, ujuzi akabaki nao mwenyewe. Wanakamati wa istilahi wangefaa kumkumbuka.

Mashaka huanzia katika De Officiis cha mwaka 44 K.K. Humo Cicero aigawa pulchritudo katika aina mbili: venustas, inayowastahili wanawake, na dignitas, inayowastahili wanaume. Tukiyaita yote matatu uzuri, sentensi yake haina maana tena. Kwa dignitas twapendekeza haiba, kwani katika Kiarabu lilikotoka neno hilo lina maana ya kicho na heshima. Kwa venustas wengi wangekimbilia urembo. Katika Cicero lingeweza kupita. Lakini Vitruvius, mjuzi wa ujenzi, aliyetaka jengo liwe na uimara, manufaa na venustas, hakukusudia mapambo ya ukutani, na msomaji wa Kiswahili angedhani hivyo. Venustas latokana na Venus, jina la mungu wa kike wa mapenzi, ambalo shina lake ni la kutamani. Nasi tunayo pendeza, iliyozaliwa na penda. Kwa hiyo twaonelea upendezi ndilo neno lifaalo mahali pote pawili.

Limebaki tahadhari moja. Katika usemi wa kila siku wa Kiitalia na Kifaransa pulcher halikudumu. Bello na beau yametoka katika bellus, ndugu wa bonus, yaani -ema. Kivumishi chetu -zuri nacho hubeba maana zote mbili: chakula kizuri, sura nzuri. Basi mwandishi wa Kilatini akitenganisha pulchrum na bonum, mfasiri aandike uzuri kwa la kwanza na wema kwa la pili, wala asiyabadilishe katikati ya kitabu.