Kuzuru Msinja kwa Njia ya Lugha

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Lilongwe au Dzaleka hukutana na swali hili: neno la Kichewa 'kachisi' tulitafsirije? Makala haya yanalijadili kwa mfano wa Msinja, mahali patakatifu pa kale pa Wachewa, kusini mwa jiji la Lilongwe.

Hapo Msinja mvua iliombwa chini ya uongozi wa mwanamke aliyeitwa Makewana. Mwanafunzi wetu hahitaji kamusi kulielewa jina hilo: ni mama wa wana. Makewana hakukata nywele, kwani kuzikata kulihesabiwa sawa na kuikata mvua. Alikuwa na wasaidizi wa kike walioitwa matsano, na ngoma takatifu iliyoitwa Mbiriwiri. Uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19 uliivunja Msinja, lakini jina na heshima yake vimebaki.

Sasa tuje kwenye tafsiri. 'Hekalu' humletea msomaji picha ya jengo kubwa la mawe, ilhali kachisi ya jadi ni kibanda cha miti na nyasi. 'Mzimu' katika Kiswahili cha zamani lilitaja pia mahali pa kutambikia, lakini leo wanafunzi wengi hufikiria kitu cha kutisha, na mwenyeji ataona ametukanwa. Kwa maoni yangu, 'kibanda cha tambiko' latosha kwa jengo, na 'mahali patakatifu' kwa eneo zima.

Tofauti hii ya jengo na utakatifu haiko Malawi tu. Huko Ise, Japani, majengo makuu ya ibada ya Shinto hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013. Mbao huwa mpya, heshima ni ile ile.

Suala hili lina uzito wa pekee Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1994 wilayani Dowa. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi kambini. Hivyo basi, ziara ya darasa si suala la kupanda basi tu. Huenda mwanafunzi asiione Msinja kamwe, akawajua wenyeji wake kwa maneno ya mwalimu pekee. Tukimpa neno la dharau, atabeba dharau.

Zoezi: wanafunzi walinganishe 'mvula' na 'mvua', kisha kila mmoja aeleze mahali patakatifu pa kwao bila kutumia neno 'hekalu'.