Kubadili Vipimo vya Kani katika Programu

Mtahiniwa, kipimo cha SI cha kani ni nyutoni (N). Hata hivyo, utakutana na paundi za kani (lbf), hasa kwenye vifaa vya Kimarekani. Kariri haya:

1 lbf = 4.448 N
Uzito (N) = tungamo (kg) × g, ambapo g = 10 N/kg

Angalizo: kilogramu hupima tungamo, nyutoni na lbf hupima kani.

Mfano
Tuseme winchi ya duara moja la wachimbaji wadogo Mwakitolyo ina kamba iliyoandikwa "mwisho 500 lbf". Je, kamba hiyo ni salama kwa mawe ya kilo 300?

Suluhisho:
Kani ya mwisho = 500 × 4.448 = 2,224 N
Uzito wa mawe = 300 × 10 = 3,000 N
Uzito umezidi, hivyo kamba si salama.

Aliyesoma 500 kama kilo angeruhusu mzigo huo, na aliyeko chini ya shimo ndiye angeumia.

Programu ya Python

lbf = float(input("Kani ya mwisho, lbf: "))
kg = float(input("Tungamo, kg: "))
kani_N = lbf * 4.448
uzito_N = kg * 10
if uzito_N <= kani_N:
    print("Salama")
else:
    print("Si salama")

Kompyuta huona namba tu, haijui kipimo chake. Ndiyo maana kipimo kimeandikwa ndani ya jina: kani_N.

Kosa hili limewahi kuwaponyoka hata wataalamu. Tarehe 23 Septemba 1999, NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter. Programu moja ilitoa namba za msukumo kwa lbf·s, nyingine ikazisoma kama N·s. Kila namba ikawa ndogo mara 4.45, na chombo kikapita karibu mno na sayari ya Mirihi.

Zoezi
Kamba ya 800 lbf inavuta mzigo wa kilo 320 kwenda juu kwa mchapuko wa 2 m/s². Programu hapo juu inasema "Salama". Je, ni kweli?

Jibu
Kani ya mwisho = 800 × 4.448 = 3,558.4 N
Mvutano wa kamba = m(g + a) = 320 × (10 + 2) = 3,840 N
Si salama. Programu ilipima uzito peke yake (3,200 N), ikaacha mchapuko. Irekebishe: ongeza ingizo la a, kisha tumia kg * (10 + a).