Una marafiki 500 LinkedIn, mbona simu hailii?

FUNGUA ukurasa wako wa LinkedIn uangalie ile namba ya watu mlioungana. Ikiwa 83, unaona haya kidogo. Ikipita 500, mtandao wenyewe unaacha kutangaza hesabu kamili. Unaandika tu "500+". Aliye na watu 501 na aliye na 30,000, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa, wanaonekana sawa mbele ya mgeni.

Ndiyo maana wengi wetu tunaifukuzia hiyo 500+ kama alama ya mtihani. Ukimaliza chuo, unakesha na bando ya mwisho ukituma maombi kwa kila meneja wa benki, kila mhandisi, hadi kwa Mzungu fulani wa Toronto ambaye hata hujui anauza nini. Wanakubali. Halafu kimya. Mwezi unaisha, na landilodi hajali una marafiki wangapi.

Je, ukubwa wa mtandao wako una maana? Unayo, lakini inategemea watu hao wako wapi, wanakukumbuka vipi, na unatafuta kazi gani.

HABARI HUTOKA MBALI

Mnamo 1973, mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala ambayo hadi leo inatajwa kila watu wakizungumzia kazi na kujuana. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua: mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema "mara kwa mara" hawakufika hata 17 kwa kila 100. Wengi walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara moja moja, au nadra sana.

Sababu si ngumu. Mbogi yako mlisoma pamoja, mnaishi Umoja au Githurai, mko kwenye grupu zilezile za WhatsApp. Nafasi ya kazi ikitangazwa, mnaipata nyote siku moja, imefowadiwa mara kumi. Lakini yule dada mliyekaa naye meza moja kwenye semina anatembea na watu wengine na kusikia mengine. Wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka 5. Matokeo yalikubaliana na Granovetter, ila yaliongeza kitu: aliyesaidia zaidi hakuwa rafiki wa chanda na pete, wala mgeni kabisa. Alikuwa yule wa katikati, ambaye mna marafiki wachache mnaowajua nyote wawili. Yule Mzungu wa Toronto yuko mbali mno.

MJENGO SI KOMPYUTA

Utafiti huohuo una somo jingine kwa hasla wa Nairobi. Watu wa mbali walifaa zaidi katika sekta zinazotegemea sana dijitali. Kwingineko, watu wa karibu ndio waliobeba mzigo.

Hata hapa kwetu unaweza kuona kwa nini. Kama unaandika programu au unabuni matangazo, mtu wa mbali anabofya linki na kuona kazi yako mwenyewe. Lakini kwa fundi wa mjengo, mpishi wa hoteli au dereva wa kukabidhiwa lori, swali ni moja: "Huyu umemwona akichapa kazi?" Hapo 500+ haikusaidii. Msee mmoja aliyekuona ukiripoti saa kumi na mbili asubuhi, bila kusukumwa, ana uzito kuliko wote.

KICHWA KINA NAFASI NGAPI?

Robin Dunbar, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikadiria katika miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa maana na watu wapatao 150. Si wote wanaikubali hesabu hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walisema haiwezekani kutaja namba moja namna hiyo. Lakini hata bila namba, unajua ukweli wenyewe: hakuna anayeweza kuwajulia hali watu 3,000.

Basi chagua. Andika majina 30 ya watu wanaokujua kidogo: mhadhiri aliyesimamia mradi wako, bosi wa mahali ulipofanya intanshipu, deskmeti aliyehamia Eldoret, mteja aliyefurahia kazi yako. Wajulie hali kabla hujawa na shida. Ukiona tangazo linalomfaa mmoja wao, mtumie. Mkono mtupu haulambwi.

Na ukiomba, omba kitu kidogo kinachojibika. "Naomba kazi" inamtia mtu kwenye kona. "Mimi ni fulani, nilifanya intanshipu kwenu mwaka jana idara ya akaunti. Kwenye interviu za kwenu huwa wanauliza nini?" inajibika ndani ya dakika 2, na jina lako linabaki kichwani mwake.

KUJUANA SI KUNUNUANA

Wapo wanaozaliwa na mtandao tayari: mjomba yuko wizarani, shangazi ni mkurugenzi. Kama huna, hao 30 ndio mjomba wako, na lazima uwajenge mwenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ila jihadhari na njia ya mkato. Mtu akikuambia ana koneksheni, utoe tu kitu kidogo cha kumwona mkubwa, toka mbio. Kila KDF wakisajili makurutu hulazimika kuwakumbusha wananchi kwamba usajili ni bure, kwa sababu matapeli hawakosekani, na mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe "ajulikane" hupoteza ng'ombe na kazi pia. Anayekujua kikweli hakuuzii jina lake. Anakwambia tangazo liko wapi, na akiulizwa kukuhusu, anasema alichokiona.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujaongeza mgeni mwingine wa kufikisha 500, mtafute mmoja ambaye hamjaongea tangu mwaka jana. Msalimie tu.