Jabali la Nyuma ya Soko: Joto, Jasho na Njia za Miguu za Maskati

Anayefika Maskati mara ya kwanza hushangaa jinsi mji ulivyobanwa na majabali. Bahari iko mbele, mawe yako nyuma, na nyumba nyeupe zimejipenyeza katikati kila palipopatikana nafasi. Pale Riyam, karibu na bustani yenye mnara mkubwa wa umbo la chetezo, huanza njia ya miguu inayopanda mgongo wa jabali na kuteremkia Mutrah, nyuma ya soko. Njia hiyo imepewa namba C38. Kabla ya barabara ya pwani kujengwa, watu na punda walipitia huko kwenda na kurudi. Siku hizi mawe yake yamepakwa alama za manjano, nyeupe na nyekundu za kumwongoza mpita njia, na mwenye afya njema huimaliza kwa saa mbili hivi. Sehemu yake ya juu kabisa ni kama mita 200 tu kutoka usawa wa bahari.

Takwimu hizo ndogo ndizo zinazowaponza watu. Mtu akiambiwa ni kilomita mbili na kitu, tena ukiwa juu unaziona meli bandarini na magari barabarani, hujisemea kwamba hii ni matembezi ya kunyoosha miguu. Hubeba chupa moja ya maji, huvaa kandambili, huondoka saa nne asubuhi. Lakini Maskati ni mji wa jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 100 hivi au pungufu, na ukishaingia kwenye mabonde ya mawe huna kivuli ila cha mgunga mmoja mmoja. Kwenye milima ya namna hii safari hupimwa kwa joto na saa kwanza, kilomita baadaye. Nitaeleza kwa nini, maana anayejua mwili wake unavyofanya kazi huwa hahitaji kukatazwa.

Misuli inapofanya kazi, takriban robo tu ya nishati inayotumika, mara nyingi chini ya hapo, ndiyo inayokuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto, na lazima litoke mwilini. Ngozi ya mtu aliye kwenye joto huwa na nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa baridi kuliko hapo, mwili huipa hewa joto lake bila taabu. Hewa ikizidi hapo, mambo hugeuka: hewa ndiyo inayoupa mwili joto, na upepo unaovuma huongeza badala ya kupunguza. Mwezi wa Juni Maskati hewa hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Hapo mwili hubaki na njia moja tu ya kujipoza, nayo ni jasho.

Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, kiasi kikubwa sana. Sharti likauke. Watu wa Oman wa zamani walitundika mtungi wa udongo wanaouita jahla mahali penye upepo, maji yakipenya taratibu na kukauka kwa nje huku ya ndani yakipoa. Ngozi hufanya vivyo hivyo, na siku ya unyevu mwingi vyote viwili hushindwa. Jasho linalotiririka na kudondoka chini ni maji uliyoyapoteza bure. Ndiyo maana nyuzi 36 zenye unyevu wa bahari zinaweza kumwangusha mtu aliyestahimili nyuzi 42 kavu. Kiangazi Bahari ya Oman yenyewe hufika nyuzi 30 na zaidi, na unyevu wake hupanda pwani hata usiku. Anayetazama nyuzi peke yake kwenye simu kabla ya kutoka ametazama nusu ya habari. Atazame na unyevu.

Halafu kuna upepo wa gharbi, unaotoka bara. Hewa inayoteremka kutoka milima ya Hajar hushindiliwa kadiri inavyoshuka, na hewa kavu ikishindiliwa hupata joto la karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Mwishoni mwa Juni 2018, huko Qurayyat, mji wa pwani kusini-mashariki ya Maskati, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Fikiria maana yake kwa mtu aliyepanga kupanda usiku ili alikwepe jua.

Mawe nayo yana lao. Sehemu kubwa ya majabali haya ya rangi ya hudhurungi iliyokolea ni miamba iliyokuwa chini ya sakafu ya bahari, ndani kabisa, katika tabaka ambalo kwa kawaida binadamu halioni. Ilizaliwa miaka milioni 95 hivi iliyopita, kisha nguvu za dunia zikaisukuma juu ya nchi kavu. Wanajiolojia wa dunia nzima huja Oman kuitazama, kwa kuwa ni mahali pachache mno unapoweza kutembea kwa miguu juu yake kwa mapana namna hii. Kwa mpanda mlima, kinachohusu zaidi ni rangi yake. Jiwe jeusi hula jua mchana kutwa na kulirudisha pole pole usiku. Weka kiganja kwenye ukuta wa bonde saa moja baada ya magharibi, mwezi wa Mei, utasikia joto linavyotoka. Katika bonde jembamba kuta hizo ziko pande zote mbili, na upepo hauingii. Wengi hupenda kupanda jioni, saa kumi na moja, wakiamini jua limepoa. Jua limepoa kweli, lakini jabali bado. Wakati wa kupanda ni alfajiri, baada ya mawe kupumua usiku kucha.

Serikali ya Oman hukataza kazi za nje kwenye maeneo ya ujenzi kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti. Ni sheria ya busara, ila inawahusu watu wenye maji jirani, kivuli jirani na gari jirani. Mpanda mlima hana vyote hivyo, kwa hiyo ajiwekee sheria kali zaidi. Mimi nasema hivi: Novemba hadi Machi, panda kwa raha zako, Aprili na Oktoba, toka baada ya sala ya alfajiri na uwe umeshashuka kabla ya saa tatu, Mei hadi Septemba, waachie mbuzi.

Nina neno maalumu kwa wenyeji wanaopokea wageni. Maskati imejaa familia zenye asili ya Unguja, Pemba, Burundi na Kongo, na kila likizo huja jamaa kutoka London au Toronto. Mgeni anashuka usiku, keshokutwa anapelekwa jabalini akaone mandhari. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto: jasho huanza mapema, huwa jingi, chumvi yake hupungua, na moyo hupiga kwa utulivu zaidi. Asiyezoea hana kinga hiyo, hata akiwa kijana wa mpira. Na mwenyeji asijione salama. Anayetoka nyumba yenye kiyoyozi, akapanda gari lenye kiyoyozi, akaingia ofisi yenye kiyoyozi, ameishi Maskati bila kuizoea.

Juu ya maji: kwa C38 majira ya baridi, lita mbili kwa kila mtu, na maji yakifika nusu nawe hujafika nusu ya njia, geuka. Mtu anayepanda kwenye joto hupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari yake, kwani huzimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za joto. Kunywa unapoona kiu, kula tende, tafuna karanga za chumvi. Pakiti moja ya dawa ya kuongeza maji mwilini haina uzito wowote mfukoni.

Sasa lile ambalo ningependa kila msomaji alijue hata kama hatapanda jabali maisha yake yote. Kiharusi cha joto hakianzi kwa mtu kuanguka. Huanza mwenzako akikaa kimya kuliko kawaida yake, akijikwaa pasipo na jiwe, akikasirika bila sababu, akiulizwa leo ni siku gani akajibu ovyo. Wengi wamefundishwa kwamba ngozi lazima iwe kavu. Si kweli, aliyekuwa anatembea anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa huku joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo unaungua. Hapo usihangaike kwanza kumbeba umkimbize kwenye gari. Mpoze hapo hapo: kivulini, nguo za ziada vua, mmwagie maji yote mliyonayo, mpepee kwa nguvu, na kama kuna barafu mwekee shingoni, kwapani na kwenye mapaja karibu na kinena. Mwingine apige 9999, namba ya dharura ya Oman, akitaja namba ya njia na upande mlioanzia. Mgonjwa asiyejitambua usimnyweshe kitu. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Hatari ya pili ni maji, ajabu ilivyo. Upande wa Mutrah njia hushuka ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, ikapita mabaki ya kuta za kijiji kilichohamwa. Mawe makavu hayanyonyi maji, hayana udongo wala majani ya kuyazuia. Mvua ikipiga kileleni yote hukusanyika bondeni kwa muda mfupi, na wewe uliye chini unaweza kuwa unaona anga ya buluu. Aprili 2024 mafuriko ya wadi kaskazini mwa Oman yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliokuwa njiani na gari. Ukiona wingu zito upande wa milima, usiingie. Likikukuta ndani, panda ubavuni mara moja, uache na begi ikibidi.

Mengine ni ya kawaida: viatu vya kufunika kidole, kwa kuwa miamba hii humeguka vipande vikali na watu huteguka wakati wa kushuka, kofia pana, na usitie mkono chini ya jiwe usilolitazama, kwani nyoka nao wanatafuta kivuli.

Na asiyeweza kungoja Novemba? Aondoke pwani. Uwanda wa Saiq juu ya Jabal Akhdar uko mita 2,000 hivi, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari, na huko joto huwa pungufu kwa nyuzi 12 au zaidi, unyevu wa bahari haufiki. Polisi wa kizuizi cha njia ya kupandia wamezoea kuruhusu magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne tu, hivyo panga usafiri mapema. Jua la huko huchoma ngozi haraka kuliko la pwani, kwa hiyo mikono mirefu ivaliwe hata hewa ikiwa ya kupendeza.