Amana Yetu, Kufuli la Mwengine

Amana ni kitu kizito. Tangu tukiwa chuoni, tumekaa juu ya mkeka mbele ya maalim, tulifundishwa kwamba aliyekabidhiwa mali ya watu hana budi kuirejesha kwa wenyewe siku watakayoitaka. Leo sehemu kubwa ya mali ya watu si fedha wala magunia ya karafuu. Ni maandishi, hesabu, picha na sauti, na vyote hivyo vimo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na hasa na watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kununua vifaa, juu ya jambo ambalo laonekana dogo na la kifundi, kumbe linahusu nani mwenye amri juu ya amana hiyo.

Siku hizi madukani huuzwa sanduku dogo lenye nafasi za diski mbili, nne au zaidi, ambalo huunganishwa na mtandao wa nyumbani au wa ofisi. Kila kompyuta iliyomo katika nyumba ile huweka na kuchukua humo. Likipangwa vyema, diski moja ikifa, nyengine hushika kazi, na mwenye mali hapotezi kitu. Ni chombo chema, na hatukuja hapa kukitukana.

Sisi wenyewe tulikuwa na chombo cha jamii hiyo ofisini kwetu. Humo tulihifadhi mihutasari ya mikutano ya miaka sita, orodha za wanachama, na sauti za wazee watatu waliotusimulia habari za mtaa wetu. Wawili kati yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Asubuhi moja sanduku halikuwaka. Fundi alizipima diski akatwambia ni nzima, lakini alipozitia katika kompyuta ya kawaida hazikusomeka. Sanduku lile lilikuwa likizifunga kwa ufunguo uliomo ndani ya ubao wake lenyewe, na ubao ndio ulioungua. Muuzaji, ambaye hatutamtaja, alisema dawa ni kununua sanduku jingine la aina ile ile. Tulipolitafuta tuliambiwa halitengenezwi tena. Diski zile tunazo kabatini hadi leo, nzima, na hazitufai kitu.

Tulikuwa na mzigo huo moyoni tulipopata safari ya kwenda Same, katika mkoa wa Kilimanjaro. Msomaji wa Visiwani ambaye hajafika huko na afahamu kwamba mji wa Same uko chini, mahali pakavu, na juu yake imesimama milima ya Upare ambayo kilele chake kikubwa, Shengena, chapita mita 2,400. Mvua hunyesha zaidi juu, na upande wa magharibi wa milima ni wa ukame. Kwa sababu hiyo Wapare tangu zama za mababu walijifunza kuhifadhi maji. Huchimba mfereji kutoka mtoni, wakayaongoza maji mpaka kwenye bwawa la udongo na mawe liitwalo ndiva. Usiku maji hujaa humo, na mchana hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Ujenzi na usafishaji wake hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji.

Mzee mmoja alitupandisha hadi kwenye ndiva ya kijiji chake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha tukamuuliza inakuwaje siku ndiva ikiharibika. Alituangalia kwa mshangao kidogo.

"Mwanangu," alisema, "kizibo kikivunjika tunachonga chengine. Ukingo ukibomoka tunaita msaragambo. Ningemngoja mtu wa mbali aje na kizibo chake, mahindi yangu yangekufa."

Maneno yale yalituingia, kwani sisi tulikuwa tukimngoja mtu wa mbali aje na kizibo chake.

Wala si ndiva peke yake. Upare wa kaskazini, katika Ugweno ambayo leo imo wilayani Mwanga, palikuwa na wafua chuma mashuhuri. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, ambao ndio wafua chuma, ulivyokuwa na utawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuupindua. Hata Wachaga wa Kilimanjaro walikitafuta chuma cha Upare. Basi ni kweli kwamba mwenye kiwanda alikuwa na nguvu tangu zamani. Lakini jembe la Ugweno likishanunuliwa lilikuwa la mnunuzi. Halikuuliza mpini wake umekatwa katika mti gani, wala halikukataa kulima kwa kuwa mpini haukutoka kwa mhunzi.

Hapo ndipo ilipo tofauti na viwanda vya leo. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya Synology ya Taiwan, moja katika wauzaji wakubwa wa masanduku haya duniani, ilitangaza kwamba masanduku yake mapya ya mwaka ule ya daraja la Plus yatataka diski zenye jina la kampuni hiyo au zile ilizozithibitisha yenyewe. Mnunuzi aliyetia diski nyengine, hata iwe mpya na nzima, alizuiwa kuitumia kuanzisha hifadhi mpya. Na ieleweke kwamba kampuni hiyo haina kiwanda cha diski ngumu. Duniani kote viwanda vikubwa vya diski hizo vimebaki vitatu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na diski zenye jina la Synology hutoka katika viwanda vya wengine zikabandikwa jina.

Insafu yataka tutaje na hoja ya upande wa pili. Kampuni ilisema kwamba diski zilizojaribiwa pamoja na sanduku hupunguza hitilafu na kurahisisha matengenezo. Hoja hiyo haikosi ukweli, kwani kifaa kilichopimwa ni bora kuliko cha kubahatisha. Lakini kumshauri mnunuzi ni jambo moja, na kumfungia mlango ni jambo jengine. Wanunuzi walilalamika, na mwezi Oktoba 2025, ilipotoka programu mpya ya masanduku hayo, kampuni ililegeza amri yake na kuruhusu tena diski ngumu za viwanda vyengine katika masanduku hayo. Tunaipongeza kwa kusikia. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa hiari ya mwenye ufunguo waweza kufungwa tena kwa hiari yake.

Iko na mifano mizito zaidi. Kampuni ya Drobo ya Marekani iliuza masanduku yaliyopendwa kwa wepesi wake, lakini yalipanga mali ndani ya diski kwa mtindo wa siri wa kampuni. Kampuni mama iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaingia katika kufungwa kabisa na mali zake kuuzwa. Sanduku la mteja likifa leo, amtafute nani? Na mwezi Juni 2021, watu wengi waliokuwa na sanduku la My Book Live la Western Digital waliamka wakakuta vitu vyao vyote vimefutwa kutoka mbali na wahalifu, kwa sababu kampuni ilikuwa imeacha kuitengeneza programu ya sanduku lile tangu mwaka 2015. Waliokuwa na nakala kwengine walisalimika. Wasiokuwa nayo walipoteza picha za watoto wao.

Twarudi Same. Katika skuli moja ya huko tulionyeshwa na mwalimu kijana kitu kilichotufurahisha. Alichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa stoo, akaifuta vumbi, akaitia diski mbili mpya za viwanda viwili tofauti, na akaweka programu huria ya kuhifadhia. Programu za namna hiyo ni kama OpenMediaVault, iliyoanza kutolewa mwaka 2011, au TrueNAS, ambayo asili yake ni FreeNAS ya mwaka 2005. Hazina bei, na matini yake yako wazi kwa kila fundi. Humo skuli huweka mitihani, matokeo na hesabu za chakula cha wanafunzi.

"Na kompyuta hii ikifa, kaka, utafanyaje?" tulimuuliza.

Mwalimu alicheka. Alizima kompyuta, akazitoa diski zote mbili, akazichomeka katika kompyuta nyengine kuukuu iliyokuwa pembeni, na baada ya dakika chache orodha ya wanafunzi wa kidato cha pili ikatokea kwenye kioo. "Diski hazikumwapia mtu kiapo, mheshimiwa," alisema. "Chombo chochote kitazisoma."

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba njia hii haina taabu. Mwalimu alikiri kwamba alikesha usiku kadhaa akijifunza. Kompyuta kuukuu hula umeme mwingi kuliko sanduku dogo, na kifaa cha kujiundia hakina dhamana ya muuzaji. Kwetu Visiwani pia chumvi ya baharini hula vyuma kwa haraka. Zaidi ya hayo, fundi akihama bila ya kuandika alichokifanya, ofisi itakuwa imetoka katika kufuli la kiwanda na kuingia katika kufuli la mtu mmoja, ambalo laweza kuwa baya zaidi. Kujitegemea si kila mtu kufanya peke yake gizani. Maana yake ni maarifa kuwa mikononi mwa wengi, kama yalivyo maarifa ya ndiva.

Sisi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa na mtu ubaya wa kutegemea njia moja. Mwezi Mei 2008 umeme wa kisiwa chetu ulikatika kwa kiasi cha mwezi mzima. Desemba 2009 ulikatika tena, na giza hilo lilikwenda hadi Machi 2010. Tulikuwa tukitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara. Hospitali, visima na mahoteli viliishi kwa majenereta. Waya mpya ulipowekwa mwaka 2013 tulishukuru, lakini aliyekaa katika giza lile miezi mitatu anajua kwamba chombo chema kikiwa ni kimoja tu, bado ni hatari.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wenye dhamana. Kwanza, hati ya zabuni na iandikwe kwa kutaja kazi inayotakiwa, si jina la kiwanda. Iulize wazi: je, sanduku hili litapokea diski za kiwanda chochote? Je, likifa, diski zake zitasomeka katika kompyuta ya kawaida? Na ni mpaka mwaka gani muuzaji anaahidi kuitengeneza programu yake? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu kwa maandishi hafai kukabidhiwa amana ya umma. Pili, bei na ihesabiwe ya miaka yote ya matumizi, pamoja na diski zitakazobadilishwa, si ya siku ya kununua peke yake. Tatu, vijana wetu wanaosomea ufundi na wafundishwe kuunda hifadhi hizi kwa kompyuta zilizokwisha kustaafu maofisini, na kila wanachokiunda kiandikwe kwa Kiswahili ili fundi atakayefuata asianze upya.

Nne, na hili ni kwa kila mtu, awe na sanduku la dukani au la kujiundia: diski mbili ndani ya sanduku moja si nakala mbili. Moto, mwizi au maji ya mvua huchukua sanduku zima. Mafundi wana kanuni nyepesi, kwamba kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumba.

Wapare wana sifa ya kuuliza. Mwaka 1945 walikusanyika kwa maelfu mjini Same kupinga kodi ya mbiru ya wakoloni. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao kwa namna wasiyoikubali. Nasi hatukatai kununua vya viwandani. Tunachokitaka ni kujua, kabla ya kutoa fedha ya wananchi, ni nani atakayebaki na ufunguo.

Tuliporudi nyumbani tulimwendea yule mzee wa tatu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia uhai. Tulimwomba radhi, tukamweleza kwamba sauti yake tumeipoteza, na tukamwomba atusimulie tena. Alisimulia kwa mchana mmoja, ingawa mengine amekwisha kuyasahau. Simulizi hiyo sasa iko mahali patatu, na popote ilipo yasomeka kwa kompyuta yoyote. Za wenzake wawili bado zimo kabatini, na hatuna wa kumwendea.