Meli Ipunguze Mwendo, Nyangumi Apone

Nimefanya kazi kwenye meli za makontena, na njia ya kuingia New York na New Jersey naijua. Ukisimama chumba cha usukani, makontena yanakuziba macho. Maji ya mbele ya omo huyaoni kwa mamia ya mita. Humo ndimo nyangumi wadogo wenye nundu huibuka midomo wazi, wakifukuza makundi ya samaki karibu na ufukwe.

Tangu 2016 wengi wamekutwa wamekufa kwenye fukwe za mashariki mwa Marekani. Mzoga wa nyangumi aliyegongwa na meli waweza kuonekana hauna jeraha. Wataalamu wakishapasua ngozi na lile tabaka nene la mafuta, ndipo huiona damu iliyovilia na mifupa iliyovunjika. Rafadha nayo huacha mikato mirefu iliyofuatana.

Sheria ya Marekani ya 2008 inazitaka meli za kuanzia mita 20 zisizidi maili 10 za bahari kwa saa, lakini katika maeneo na misimu maalumu tu. Iliwekwa kwa ajili ya nyangumi wa aina nyingine, adimu mno, waliobaki chini ya 400. Haitoshi. Ndugu zangu manahodha, punguzeni mwendo hata pale msipolazimishwa. Shehena ikichelewa, itafika.