Dengue Si Malaria: Mbu wa Mchana na Maji ya Nyumbani

Homa inapompanda mtu wa pwani, neno la kwanza kumtoka mdomoni ni malaria. Tumelelewa hivyo, na si bure: hakuna homa ya mbu iliyoua watu wengi katika nchi zetu kama malaria. Lakini mazoea hayo hutuponza inapoingia dengue. Nayo huletwa na mbu, nayo huanza kwa homa, ila kuanzia hapo karibu kila jambo huenda kinyume na tulivyozoea. Mbu wake ni mwingine, saa zake ni nyingine, mazalia yake ni mengine, dawa za maumivu zinazomfaa mgonjwa ni nyingine, na siku ya hatari huja pale ndugu wa mgonjwa wanapoanza kushukuru kwamba homa imeshuka.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, aliandika habari za homa kali ya maungo iliyozuka huko mwaka 1823 na tena mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Jina hilo, kwa umbo la kidingapopo, bado linatumika Tanzania kwa maana ya dengue, ingawa watafiti wa leo wanaona kwamba huenda homa aliyoieleza Christie ilikuwa chikungunya, ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu huyohuyo na uliotambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1982 dengue ilithibitishwa katika pwani ya Kenya, upande wa Malindi na Kilifi. Mwaka 2013 iliikumba Mombasa, na wataalamu walipopita nyumba kwa nyumba eneo la Tudor wakipima damu, walikuta watu 13 hivi katika kila 100 wana dalili za maambukizi mapya. Dar es Salaam imepata milipuko kadhaa tangu mwaka 2010. Katika ule wa mwaka 2019 walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini Tanzania, wengi wao wakiwa wakazi wa jiji hilo. Duniani, mwaka 2024 ulivunja rekodi: Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa zaidi ya milioni 14.

Mbu asiyengoja usiku

Mbu wa malaria, Anopheles, huuma usiku watu wakiwa wamelala. Ndiyo maana chandarua kimeokoa maisha ya wengi. Mbu wa dengue, Aedes aegypti, hufanya kazi mchana. Huwa mkali zaidi asubuhi jua linapochomoza na saa chache zinazofuata, kisha tena alasiri hadi jua kuzama. Utamtambua kwa rangi: mweusi, mdogo, mwenye pete nyeupe miguuni na michirizi myeupe mgongoni. Hupenda kuuma vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, na hupumzika mahali penye kiza ndani ya nyumba: chini ya kitanda, nyuma ya kabati, katikati ya nguo zilizotundikwa.

Kwa hiyo wanaoumwa ni mwanafunzi aliye darasani, karani aliye ofisini, mama lishe aliye jikoni, fundi cherehani aliye barazani. Tena jike mmoja akishtuliwa kabla hajashiba damu, huruka akamuuma mtu mwingine, na mwingine tena. Ndiyo sababu nyumba moja inaweza kutoa wagonjwa watatu au wanne ndani ya wiki moja, na watu wakadhani wameambukizana kwa kukaa pamoja. Dengue haiambukizi kwa kugusana, kupeana mikono wala kula sahani moja.

Je, chandarua hakina kazi? Kinayo, ila saa zake ni tofauti. Mlaze chini yake mtoto mchanga anayesinzia mchana. Mlaze pia mgonjwa wa dengue katika siku zake za homa. Wakati huo damu yake imejaa virusi, na mbu atakayemuuma atakuwa tayari kueneza ugonjwa baada ya siku 8 hadi 12, na ataendelea hivyo hadi kufa kwake. Kumfunika mgonjwa ni kuwakinga walio wazima nyumbani na majirani.

Hazai kwenye dimbwi la barabarani

Kampeni za malaria zimetufundisha kufukia madimbwi na kufyeka majani. Usafi huo ni mzuri, lakini haumsumbui sana Aedes aegypti. Mbu huyu amechagua kuishi na binadamu. Hutaga mayai kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia, na maji yakiwa safi humfaa vilevile: pipa la maji ya kuoga, ndoo isiyofunikwa, simtanki lenye mfuniko uliopasuka, sahani chini ya chungu cha maua, trei ya nyuma ya friji, mfereji wa paa ulioziba majani, kopo la plastiki lililotupwa, kifuu cha nazi. Matairi chakavu ndiyo mazalia anayoyapenda mno, kwa sababu yana kivuli na maji yaliyokwama ndani hayamwagiki kirahisi. Yapo gereji, yapo kwa mafundi wa pancha, yapo juu ya mapaa ya mabati yakizuia upepo.

Hapa ndipo dengue inapokutana na shida ya maji mijini. Nyumba inayopata maji ya bomba mara moja au mbili kwa wiki haina budi kuyahifadhi. Hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto wanne amwage maji aliyoyanunua kwa dumu. Hivyo mlipuko unaweza kutokea hata kiangazi, mgao wa maji unapozidi na mapipa yanapoongezeka. Ushauri wa kweli kwa nyumba kama hiyo ni kuyafunika maji yake na kukisugua chombo.

Kusugua kuna sababu yake. Jike hatagi juu ya maji katikati ya chombo. Hugandisha mayai ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, moja moja, meusi, madogo sana. Mayai hayo yanaweza kukauka na kukaa miezi kadhaa yakiwa hai. Maji yakipanda na kuyafikia, yanaanguliwa. Ukimwaga maji ya pipa na kulijaza tena bila kulisugua, umewaondoa viluwiluwi wa leo na kuwaacha wa kesho. Tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka, katika joto la pwani, huchukua kati ya siku 7 na 10. Muda huo ndio msingi wa kinga yote ya nyumbani: chombo kikisuguliwa na kufunikwa kila wiki, hakuna kizazi kitakachofika utu uzima.

Homa ikishuka, usilale

Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu. Watu wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au hupata homa ndogo ikapita. Anayeugua hupata homa ya ghafla inayoweza kufika nyuzi 40, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho hasa anapoyazungusha, misuli na viungo kuuma, kichefuchefu, na mara nyingine vipele. Dalili hizi zinafanana mno na za malaria katika siku mbili za kwanza, kwa hiyo vipimo ni lazima. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, usiende kununua dawa mseto ya malaria kwa kubahatisha. Mwambie mhudumu mtaani kwenu kuna nini, na uulize kipimo cha dengue. Katika siku tano hivi za kwanza hutafutwa chembe za kirusi chenyewe. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili ambazo mwili umezitengeneza.

Homa hudumu siku 2 hadi 7. Malaria imetuzoesha kwamba homa ikiondoka mgonjwa amepona. Kwa dengue, saa 24 hadi 48 zinazofuata kushuka kwa homa ndizo za kuangaliwa kuliko zote. Kwa wagonjwa wachache, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja majimaji kuelekea tumboni na kifuani, damu ikawa nzito, shinikizo likaanguka, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zikapungua. Dalili zake ni hizi: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kutoka puani au kwenye fizi, damu kwenye matapishi au choo, kupumua haraka, ngozi kuwa ya baridi na kufifia, kuchoka kupita kiasi au kuhangaika bila sababu, na kukaa saa nyingi bila kukojoa. Ukiona mojawapo, usingoje kukuche. Mpeleke mgonjwa hospitali usiku huohuo. Dengue kali inayotibiwa kwa wakati, kwa maji ya dripu yaliyopimwa vyema, huua mtu chini ya mmoja katika 100. Ikiachwa bila huduma, vifo huongezeka mara nyingi zaidi.

Jambo jingine linalohitaji kueleweka ni kwamba virusi vya dengue viko vya aina nne. Ukiugua aina moja, unapata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini kinga dhidi ya nyingine tatu hudumu miezi michache tu. Ukiambukizwa aina nyingine baadaye, kingamwili za zamani zinaweza kukisaidia kirusi kipya kuingia kwenye chembe za mwili badala ya kukizuia. Ndiyo maana anayeugua kwa mara ya pili yuko katika hatari zaidi ya kuzidiwa. Mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014 ulikuwa wa ile iitwayo aina namba mbili, na katika pwani yetu aina nyingine zimeshapatikana pia. Aliyewahi kuugua asijione amemaliza deni.

Dawa ya kumeza, na ya kuepuka

Hakuna dawa inayoua kirusi cha dengue. Mgonjwa asiye na dalili za hatari hutibiwa nyumbani kwa mapumziko, maji mengi, madafu, uji mwepesi, supu au ORS, na paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kuzidisha. Anywe kidogo kidogo mara kwa mara, na ndugu waangalie kama anakojoa.

Kosa kubwa hufanyika kwenye duka la dawa. Maungo yanauma, mgonjwa anaomba kitu kikali, anapewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mtu ambaye chembe sahani zake zimeshuka. Sindano za maumivu za kwenye misuli nazo ziepukwe. Dawa za kuua bakteria hazina kazi kwa kirusi. Wapo wanaosifu juisi ya majani ya mpapai. Ushahidi wake haujatosha kuifanya tiba, na hatari yake kubwa ni kumchelewesha mgonjwa nyumbani huku ndugu wakingoja ifanye kazi. Wajawazito, watoto wachanga, wazee, na wenye kisukari, figo au selimundu wamwone daktari mapema hata kama homa ni ndogo.

Kinga ni kazi ya mtaa mzima

Kupuliza moshi wa dawa mtaani hupunguza mbu wanaoruka siku hiyo. Hakugusi mayai ukutani mwa pipa, na mara nyingi hakumfikii mbu aliyejificha kabatini. Viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi, vinavyotengenezwa na kiwanda kilichoko Kibaha, mkoani Pwani, husaidia kwenye mazalia yasiyoweza kumwagwa. Kwingineko, Yogyakarta nchini Indonesia, mbu waliopandikizwa bakteria aitwaye Wolbachia, anayekizuia kirusi kukua ndani ya mbu, walipunguza wagonjwa wa dengue kwa asilimia 77 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Chanjo nayo ipo: ile iitwayo Qdenga ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 wanaoishi penye maambukizi makubwa. Haya yote yanatia moyo, lakini hayajafika kwenye kila mlango wa Mbagala, Dar es Salaam, au Likoni, Mombasa.

Kilichopo tayari ni mikono yetu. Aedes aegypti haruki mbali. Maisha yake mengi huyamaliza ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kwa sababu hiyo nyumba moja ikijisafisha peke yake haijajikinga, na mtaa ukichagua siku moja kwa pamoja, unaweza. Wenyeviti wa mitaa, walimu wakuu, maimamu na wachungaji wanaweza kuitangaza siku hiyo bila kungoja bajeti. Shule isafishe mifereji ya paa. Gereji itoboe matairi au iyafunike. Anayefanya kazi mchana penye mbu avae soksi na mikono mirefu, na ajipake dawa ya kufukuza mbu.

Chagua siku ya wiki hii. Mwaga maji yasiyo na kazi, sugua ukuta wa kila pipa na ndoo kwa brashi, funika maji unayoyahitaji, tupa makopo, geuza vifuu. Rudia wiki ijayo na inayofuata. Na mgonjwa wa homa akiwa ndani, mpe paracetamol na maji, mpeleke akapimwe, na usimwondolee macho siku homa yake itakaposhuka.